Daktari, pombe sinywi na nyama ya mafuta sili: mafuta kwenye ini langu yametoka wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu maneno mawili matatu yanayoandikwa chini ya majibu ya ultrasaundi, kwamba ini lina mafuta, maneno ambayo mgonjwa huondoka nayo hospitalini bila maelezo ya kutosha. Nimechagua sita, na nimezijibu kwa kirefu au kwa kifupi kadiri kila moja ilivyohitaji.

*Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 43, ni mhasibu. Tulipopimwa afya kazini, ultrasaundi ilionyesha kuwa ini langu lina mafuta, daraja la pili. Nilishangaa, kwa sababu sijawahi kuonja pombe, na nyama ya mafuta siipendi tangu utotoni. Aliyenipima aliniambia tu "punguza mafuta", kisha akamwita mgonjwa mwingine. Nina kilo 92 na urefu wa sentimita 170. Asubuhi nakunywa chai kwa chapati mbili, mchana nakula ugali au wali, jioni ofisini nakunywa soda moja, na usiku ni wali tena. Nifanye nini?*
Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba. Ushauri uliopewa si wa uongo, lakini umekuelekeza kwenye mlango usio wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mafuta yaliyomo kwenye ini ni yale yaliyokuwa kwenye sahani, kana kwamba yalishuka moja kwa moja kutoka kwenye kikaango. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wachache wenye tatizo kama lako, ambao walifuatilia asili ya mafuta ya maini yao, wakakuta kwamba takribani asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwilini, asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana na wanga na sukari, na ni asilimia 15 tu yaliyotoka kwenye mafuta ya chakula. Kwa hiyo mtu anaweza kuikwepa nyama ya mafuta maisha yake yote na bado ini lake likajaa.

Mambo huenda hivi. Wanga tunaokula huvunjwa kuwa sukari, na sehemu ya sukari hiyo huwekwa kwenye ini kama akiba ya siku. Ghala hilo ni dogo, halibebi zaidi ya gramu 100 hivi. Likishajaa, na misuli nayo ikiwa haina kazi ya kuimaliza sukari iliyobaki, ini huanza kuigeuza ziada hiyo kuwa mafuta. Sukari ya mezani ina tabia mbaya zaidi, kwa kuwa nusu yake ni fruktosi, sukari ya aina ile iliyomo kwenye matunda, na fruktosi hushughulikiwa kwa sehemu kubwa na ini lenyewe badala ya kugawanywa mwili mzima. Kitambi nacho huongeza mzigo: mafuta ya tumboni hayatulii, humwaga asidi za mafuta kwenye damu, na nyingi huishia kwenye ini.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, waangalie Wafaransa, ambao hutengeneza chakula chao cha kifahari cha ini la bata kwa kumlisha bata kwa nguvu, kwa mrija, kwa wiki mbili hivi, mpaka ini lake linavimba na kuwa laini kama siagi. Anacholishwa hasa ni mahindi. Simaanishi kwamba ugali ni sumu, na wala sitakuambia uuache, ila bata yule anatufundisha kwamba nafaka ikizidi mahitaji haihitaji msaada wa mafuta yoyote ili kuliharibu ini.

Sasa turudi kwenye sahani yako. Soda nyingi zina takribani gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 350 ina gramu 35, ambazo ni zaidi ya vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Chupa yako ya jioni peke yake imekwishavuka kiwango hicho, na bado hatujahesabu chai. Huwa namwomba mgonjwa aweke kwenye glasi tupu sukari anayotia katika vikombe vyote vya siku nzima, kijiko kwa kijiko, mbele yangu. Mama mmoja alipofika kijiko cha kumi na mbili alisimama, akaitazama glasi, akaniuliza kama anaweza kuirudisha sukari ile koponi.

Anza hapo. Acha soda na juisi, hata juisi uliyokamua mwenyewe, maana glasi moja hubeba machungwa matatu au manne ambayo usingeyala kwa mkupuo, na nyuzinyuzi zake zimebaki kwenye chujio. Kula chungwa lenyewe. Kisha panga sahani upya: nusu iwe mboga za majani, iwe mchicha, matembele, kisamvu au kabichi, robo iwe maharage, choroko, samaki, dagaa au kuku asiye na ngozi, robo iliyobaki ndiyo iwe ugali au wali, tonge lote lisizidi ukubwa wa ngumi yako. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Wali wa usiku ndio ningeanza kuupunguza, kwa kuwa baada ya kuula unakwenda kulala.

Kuhusu uzito, hesabu yako ni nzuri kwa sababu inatekelezeka. Ukipunguza asilimia 5, yaani kilo 4 na nusu hivi, mafuta kwenye ini huanza kupungua kwa kiasi kinachoonekana. Ukipunguza asilimia 7 hadi 10, yaani kati ya kilo 6 na nusu na kilo 9, hata uvimbe wa ini mara nyingi hutulia, na kwa waliofikia asilimia 10 au zaidi makovu yaliyokwisha kuanza huweza kurudi nyuma. Nenda kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wanaojinyima chakula ili wapungue kilo kumi kwa mwezi hujitafutia mawe kwenye kifuko cha nyongo, na uvimbe wa ini lenyewe unaweza kuzidi.

*Assalamu alaykum Daktari. Mume wangu ana miaka 51 na ameambiwa ana mafuta kwenye ini na sukari imeanza kupanda. Nyumbani kwetu hakupikwi bila nazi, asubuhi ni mahamri kwa mbaazi, na Ramadhani inakaribia. Sitaki kumpikia chakula cha mgonjwa peke yake.*
Mama wa watoto watatu, Mombasa

Waalaykum salaam, dada yangu. Hilo la kutompikia peke yake ni sahihi kabisa, kwa sababu chakula kitakachomfaa yeye kitawafaa na watoto, na mwanaume anayekula mboga zake pembeni huku wenzake wakila pilau hadumu wiki mbili.

Mafuta yana aina, na aina ina uzito wake. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha jaribio walilowafanyia vijana 39 wenye uzito wa kawaida, ambao kwa wiki saba waliongezewa keki ndogo kila siku, kundi moja keki zilizopikwa kwa mafuta ya mawese, na lingine kwa mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yalinenepa kwa kiasi kilekile, kama kilo moja na nusu hivi, lakini mafuta ya ini yaliongezeka zaidi sana kwa waliokula keki za mawese. Sababu ni kwamba mawese yana mafuta mengi ya aina inayoganda, na nazi inayo mengi zaidi ya mawese. Kwa hiyo mafuta ya kukaangia yawe ya alizeti, na hayo nayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu.

Nazi usiifukuze jikoni, ipunguzie cheo. Tui la kasimile liwe la siku ya wageni, na siku nyingine mbaazi zipikwe kwa tui la pili, jepesi, au kwa nyanya, kitunguu na bizari bila tui. Mbaazi zenyewe ni chakula bora sana kwa mumeo, zina protini na nyuzinyuzi, na sukari yake hupanda polepole. Tatizo la kifungua kinywa hicho ni hamri, ambalo ni unga mweupe uliotiwa sukari, ukatiwa tui, ukazamishwa kwenye mafuta. Mbaazi ziwe bakuli, hamri liwe moja, au badala yake uchemshe kipande cha kiazi kitamu.

Kufunga kwenyewe hakulidhuru ini lenye mafuta, bali huweza kulisaidia. Kinacholidhuru ni futari. Siku nzima ini limetumia akiba yake, kisha jioni ndani ya nusu saa linapokea juisi ya ukwaju yenye sukari, kaimati, tambi, sambusa na mihogo ya nazi kwa pamoja. Mwache afuturu kwa tende mbili au tatu na maji, anywe supu au uji usio na sukari, aende akasali Magharibi, kisha arudi kwenye chakula chenye samaki na mboga. Daku iwe na kitu cha kumshikilia, kama maharage au mayai, isiwe chai na mkate tu. Tarawehe aende kwa miguu kama msikiti uko jirani. Na kama tayari anatumia dawa za kisukari, hasa sindano ya insulini au vidonge vinavyoishusha sukari kwa kasi, aonane na daktari wake kabla mwezi haujaandama ili dozi na saa zake zipangwe upya.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 58. Nimeambiwa nifanye mazoezi kwa ajili ya ini, lakini magoti yananiuma na huku kwetu ni vilima vitupu. Kukimbia siwezi. Je, kutembea kunatosha?*
Mwalimu, Njombe

Kunatosha, mwalimu, ikiwa ni kutembea kwa haraka na si kwa kusindikizana. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano, na kipimo cha kasi ni kwamba uweze kuzungumza na mwenzako lakini ukijaribu kuimba pumzi zikukatikie. Nusu saa hiyo unaweza kuigawa, robo saa baada ya chakula cha mchana na robo saa baada ya kile cha usiku, na kwa mtu mwenye sukari nyingi mgawo huo una faida ya pekee, kwa sababu misuli inayotembea huichukua sukari ya mlo ule kabla haijafika mbali.

Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi ni kwamba mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata kama mizani haijasogea. Nimeona watu wakikata tamaa mwezi wa pili kwa sababu kilo ni zilezile, wakaacha, na kumbe ndani kazi ilikuwa ikiendelea.

Kuhusu magoti, tafuta njia tambarare hata kama ni kuuzunguka uwanja wa shule, maana kushuka mlima huliumiza goti kuliko kupanda. Pamoja na kutembea, imarisha mapaja: kaa kwenye kiti cha mbao kisichotikisika, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika, kaa tena taratibu, mara kumi, pumzika, rudia. Dumu mbili za lita tano zilizojaa maji ni uzito wa kilo tano kila mkono, na zinatosha kabisa kuimarishia mabega. Mazoezi ya nguvu ya namna hii hulisaidia ini kama yanavyosaidia ya kutembea, na kwa mwenye magoti ni tiba ya mambo mawili, kwa kuwa kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Kulima bustani kwa jembe nako kunahesabika. Kumsimamia kibarua anayelima hakuhesabiki.

*Nasikia kahawa ni dawa ya ini. Ni kweli? Sisi huku barazani tunakunywa kila jioni.*
Msomaji, Zanzibar

Uchunguzi wa watu wengi, katika nchi mbalimbali, umeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa wana makovu machache kwenye ini kuliko wasiokunywa, na vikombe viwili au vitatu kwa siku si kitu cha kumkataza mtu ambaye hana tatizo la usingizi au mapigo ya moyo. Kahawa yenu ya barazani, chungu na isiyo na sukari, ndiyo hasa inayozungumzwa. Kashata inayoiandama haimo katika uchunguzi huo.

*Daktari, nina miaka 29 na kilo 61, si mnene. Nilikuwa na maumivu ya tumbo, nikapigwa ultrasaundi, nikaambiwa nina mafuta kidogo kwenye ini. Nimenunua dawa ya asili ya kusafisha ini, ya unga, na asubuhi nakunywa siki na limao. Niendelee kwa muda gani?*
Kijana, Dodoma

Usiendelee. Ini si bomba la kuzibuliwa, na hakuna unga unaoingia ndani yake na kutoka na mafuta. Ini ndilo linalosafisha, na kila kitu unachokimeza ni lazima lenyewe likishughulikie, pamoja na huo unga ambao hakuna anayejua kwa hakika una nini na kwa kiasi gani. Wapo wagonjwa wanaofika kwetu na macho ya njano, wakiwa wamelidhuru ini kwa dawa waliyoinywa ili kulitibu. Siki na limao havitakudhuru sana zaidi ya meno na tumbo, ila havitakupunguzia mafuta.

Wembamba haukingi. Kuna watu wenye mikono na miguu myembamba ambao mafuta yao yote yamehifadhiwa tumboni, kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani, jipime usawa wa kitovu, na kama umefika sentimita 94 au zaidi (kwa mwanamke ni 80), kilo 61 zisikudanganye. Sema ukweli pia kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana hawavihesabu kama sukari, na kuhusu pombe, ambayo kwa ini lenye mafuta kiasi kilicho salama zaidi ni kutokunywa kabisa. Dawa nazo huweza kuleta mafuta, zikiwamo za jamii ya steroidi, hivyo mweleze daktari kila unachotumia. Na kabla ya yote hayo, pima homa ya ini ya B na C, kwa sababu homa ya B imeenea katika nchi zetu, inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na ultrasaundi ya mafuta haiwezi kukuambia kama unayo.

Dawa za kweli zipo, ingawa si za kila mtu. Machi 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha resmetirom, na Agosti 2025 ikaidhinisha semaglutaidi, zote mbili kwa wagonjwa ambao ini lao limevimba na kupata makovu ya kiasi hadi makubwa, nazo hutolewa pamoja na mpango wa chakula na mazoezi. Wewe uko mbali na hatua hiyo.

*Mimi ni mzee wa miaka 60, nimestaafu mwaka huu, nina kisukari kwa miaka tisa. Nina mafuta kwenye ini. Ninachohofia ni ini kusinyaa kama lilivyomsinyaa kaka yangu. Nitajuaje kama limeanza? Majibu yangu ya damu ni AST 48, ALT 64, chembe sahani 200.*
Mstaafu, Moshi

Shikamoo, mzee wangu. Umefanya vizuri kuleta namba, kwa kuwa swali lako linaweza kuanza kujibiwa kwa kalamu. Ultrasaundi huona mafuta, lakini makovu ya mwanzo haiyaoni, na daraja la kwanza, la pili au la tatu ni kiasi cha mafuta tu, si kiasi cha makovu. Kwa makovu kuna hesabu iitwayo FIB-4, inayotumia umri, AST na ALT (vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu) na chembe sahani (zile zinazogandisha damu). Zidisha umri wako kwa AST: 60 mara 48 ni 2,880. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ambacho kwa 64 ni 8, ukizidishe kwa chembe sahani: 8 mara 200 ni 1,600. Gawanya 2,880 kwa 1,600, unapata 1.8.

Kwa mtu wa umri wako, chini ya 1.3 humaanisha kwamba uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, na juu ya 2.67 kwamba ni mkubwa na anapaswa kuonwa na mtaalamu wa ini bila kuchelewa. Wewe uko katikati. Katikati si hukumu, ila ni sababu ya kuomba kipimo cha pili, kile cha kupima ugumu wa ini, ambacho hufanywa kwa kifaa kinachobonyezwa ubavuni, hakichomi wala hakikati, na kinapatikana katika baadhi ya hospitali kubwa. Kikisoma chini ya kilopaskali 8, utaendelea na daktari wako wa kisukari na kurudia hesabu hii kila mwaka mmoja au miwili. Kikizidi hapo, omba barua ya rufaa.

Nikuongezee jambo ambalo hukuliuliza. Watu wenye ini la mafuta hufa zaidi kwa moyo na mishipa kuliko kwa ini lenyewe, na kwa mwenye kisukari hatari hiyo ni maradufu, hivyo shinikizo la damu na lehemu (kolesteroli) vipimwe siku hiyohiyo. Ukipewa dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, inywe. Wengi huziacha wakiogopa zitaharibu ini, ilhali kwa ini lenye mafuta ni salama. Ukienda kupimwa nenda ukiwa hujala kwa saa tatu, maana mlo hulifanya ini lisomeke gumu kuliko lilivyo, na uchukue karatasi hizi za damu uende nazo.